Wakubwa Wanaposoma, Mdogo Afanye Nini?

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halitajwi sana katika semina za malezi, ingawa linasumbua nyumba nyingi. Ni habari ya yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, ambaye ameacha kutambaa lakini umri wa chekechea bado haujafika. Kaka na dada zake wameketi na madaftari. Yeye anataka penseli ile ile, daftari lile lile, na mapaja yale yale ya mama.

Hapa Songea shida hii huonekana zaidi katika likizo ya Juni. Shule zimefungwa, baridi inawabana watu ndani, na mahindi yameletwa kutoka shambani yanasubiri kupukuchuliwa. Mwanafunzi wa darasa la nne ana upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka, na aliye darasa la juu yake anaukaribia mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Walimu wamewapa mazoezi ya kufanya nyumbani. Mama anataka kweli kukaa nao, amsikilize mmoja akisoma, amwoneshe mwingine hesabu za sehemu. Dakika tano hazijapita, ukurasa umechanwa, uji umemwagika juu ya kitabu, na kila mtu analia.

Wapo watakaosema kwamba kusomesha ni kazi ya shule. Lakini tulikwisha kupata fundisho. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi madarasani tarehe 1 Juni, na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, kila nyumba ilikuwa darasa, itake isitake. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni na katika televisheni, lakini redio haikuweza kumshika mkono mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akiizima na kuiwasha. Shule zilipofunguliwa, shida ile haikwisha. Inarudi kila jioni na kila likizo.

NJIA TUNAZOZIZOEA

Tukiangalia nyumba zetu, za Lizaboni, za Bombambili, za Mfaranyaki na hata za vijijini, tutaona kwamba mtoto mdogo huondolewa njiani kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kumfukuza. "Toka nje ukacheze!" Lakini mtoto wa miaka miwili hajui mpaka wa uwanja uko wapi, wala hajui bodaboda ni nini. Kumtoa nje pasipo mtu wa kumwangalia ni kumweka hatarini.

Njia ya pili ni simu. Kweli, akipewa simu yenye katuni hunyamaza mara moja, na mama hupumua. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa umri wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka. Katika umri huo mtoto hujifunza kwa kushika, kutembea, kuonja na kuzungumzishwa na mtu anayemjibu. Katuni haimjibu. Tena mama anajua nini hutokea simu ikinyang'anywa: kelele zinazofuata huwa kubwa kuliko zile za mwanzo.

Njia ya tatu huitaji kwa sauti ya chini, lakini tutaitaja hapa. Wako wanaompa mtoto mzima dawa ya maji ya mafua ili apate kulala. Akina mama, jambo hili liachwe kabisa. Dawa hizo huleta usingizi, na kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza hata nguvu ya kupumua. Dawa ni ya mgonjwa, kwa kipimo alichopewa na mganga.

Njia ya nne ndiyo iliyoenea kuliko zote, na kwa kuwa imeenea hatuioni kuwa ni tatizo. Ni kumwambia binti: "Mbebe mdogo wako."

BINTI NAYE NI MWANAFUNZI

Hebu tuitazame njia hii ya nne kwa makini. Watoto wawili wameketi kusoma, kaka wa darasa la tano na dada wa darasa la sita. Mdogo anaanza kusumbua. Nani anaambiwa aache kalamu? Mara nyingi ni dada. Atafungiwa mtoto mgongoni kwa kanga, atatembea uani akimbembeleza, na atakaporudi mezani giza limekwisha kuingia. Kesho yake itakuwa hivyo, na kesho kutwa. Hakuna aliyekusudia kumnyima elimu. Hakuna hata aliyeona siku moja iliyopotea. Lakini mwisho wa mwaka matokeo yatatoka, na watu watasema, "Huyu binti kichwa chake ni kizito, afadhali kaka yake."

Tangu Januari 2016 serikali inatoa elimu bila ada katika shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne, na baadaye hadi kidato cha sita. Tunashukuru. Lakini ada ikiondolewa, muda wa binti kusoma lazima utolewe na sisi wenyewe nyumbani. Hakuna waraka wa serikali utakaomfungulia kanga mgongoni saa kumi na mbili jioni.

Wengine hutukumbusha habari ya dada yake Musa, aliyesimama kando ya mto akimlinda mdogo wake ndani ya kisafina. Ni mfano mzuri wa upendo wa ndugu. Lakini tusome sura ile ya pili ya Kutoka mpaka mwisho wa habari. Binti alisimama kwa muda, akatumia akili yake, akazungumza na binti wa mfalme, kisha mtoto akarudishwa mikononi mwa mama yake. Ulinzi ule ulikuwa zamu. Haukuwa maisha yake yote.

Basi neno letu ni hili: mtoto mkubwa na amsaidie mdogo, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya kulelewa. Lakini msaada uwe na kipimo, na uwahusu wavulana sawasawa na wasichana. Chukueni karatasi, andikeni majina ya watoto wote wakubwa, na kila mmoja apewe dakika ishirini za kucheza na mdogo huku wengine wakisoma. Saa ya ukutani itakuwa mwamuzi. Baba naye aandikwe. Mwanamume anayemkalisha mtoto magotini baada ya chakula cha jioni, binti akamalizia hesabu zake, amelipa ada isiyoandikwa stakabadhi.

KWA NINI ANASUMBUA?

Tukielewa sababu, nusu ya kazi imekwisha. Mtoto wa umri huu hasumbui kwa ukorofi. Ameona watu anaowapenda wamekusanyika mahali pamoja, wameinamisha vichwa juu ya kitu fulani, na yeye ameachwa nje. Anataka kuwa pamoja nao. Kuchana kwake daftari ni namna yake ya kuuliza, "Na mimi je?"

Tena, uvumilivu wake ni mfupi. Kitu kimoja kinaweza kumshika kwa dakika chache tu, kisha anataka kingine. Tukimtegemea atulie saa nzima tunamdai asichonacho. Lakini dakika chache, zikiunganishwa vizuri na nyingine chache, zinaweza kutoa kipindi cha kutosha kwa somo moja.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Na Desemba 2021 taifa letu lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kwa hiyo mdogo anapocheza pembeni ya mkeka, naye yuko darasani. Anasoma somo la umri wake.

KUPANGA SAA

Kwanza, mdogo apewe haki yake kabla ya wakubwa. Kabla ya kufungua daftari lolote, mama amchukue mtoto mdogo kwa dakika kumi au kumi na tano. Amnyonyeshe au ampe uji, ambadilishe nguo, amwimbie, acheze naye. Mtoto aliyeshiba chakula na aliyeshiba mama huweza kuachia. Mwenye njaa ya kimojawapo hataachia, hata apewe nini.

Pili, usingizi wake utumike kwa akili. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji kulala saa 11 hadi 14 katika siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Saa ile ya mchana ni dhahabu. Tunajua kwamba ndiyo saa ambayo mama anataka kufua, kupepeta, au kukimbilia sokoni. Hatusemi aitoe kila siku. Lakini kwa siku mbili au tatu za juma, saa hiyo iwekwe kwa ajili ya somo gumu, lile linalohitaji mama au baba awepo: kusoma kwa sauti, hesabu mpya, kuandika insha. Kazi za kunakili, kuchora ramani na kukariri jedwali la kuzidisha zingoje mdogo akiwa macho, kwa sababu hizo zinastahimili kelele.

Tatu, vipindi viwe vifupi. Dakika ishirini au ishirini na tano za kusoma kweli, kisha wote wainuke, wanyooshe miguu, wakimbizane na mdogo uani, halafu warudi. Watoto wa shule hupata pumzi, na mdogo hupata anachokitamani.

KAPU LA MDOGO

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Hatuhitaji vinyago vya dukani. Tafuta kapu au boksi moja, liwe mali yake, na litoke wakati wa masomo tu. Likikaa wazi siku nzima halitakuwa na ladha. Ndani yake weka vitu vitatu au vinne, na kila baada ya siku mbili ubadilishe.

Magunzi. Baada ya kupukuchua mahindi, nyumba za Songea hazikosi magunzi. Chagua yaliyo makavu, yasiyo na ukungu. Mtoto atayapanga mstari, atayajenga zizi, atayafanya ng'ombe au watu. Gunzi likifungwa kitambaa ni mtoto wa kubebwa mgongoni.

Sufuria na vifuniko vyake. Mpe sufuria tatu ndogo na vifuniko vitatu, atafute kipi ni cha ipi. Ni kelele, tunakubali, kwa hiyo mchezo huu ufanyike wakati wa jedwali la kuzidisha, si wakati wa kusoma kwa kimya.

Kopo na vibanio vya nguo. Kopo kubwa la plastiki lisilo na makali, na vibanio kumi. Anavitumbukiza, anavimwaga, anaanza upya. Vidole vyake vinajifunza kazi ambayo kesho itakuwa ya kushika kalamu.

Hema la kanga. Funga kanga kati ya viti viwili. Mtoto atajificha humo na mdoli wake wa matambara. Hema likiwa karibu na mkeka wa wanafunzi, yeye huona yuko pamoja nao, nao wana nafasi yao.

Kuchambua. Changanya viazi na parachichi katika ungo, atenge hivi huku na vile kule. Vitu viwe vikubwa kuliko ngumi yake. Mahindi, maharage na karanga si vya mchezo kwa mtoto huyu.

Daftari lake mwenyewe. Usimkatalie kuandika. Mpe karatasi za nyuma ya kalenda ya zamani na kipande kinene cha chaki, au mchanga uliotandazwa kwenye trei na kidole chake. Akiona kaka anaandika na yeye anaandika, vita vya penseli hupungua sana.

Wakubwa wanaweza pia kumfanya mdogo awe sehemu ya somo. Anayejifunza kusoma amsomee hadithi fupi kwa sauti. Mdogo hataelewa yote, lakini atasikia maneno, na msomaji atapata msikilizaji asiyemcheka akikosea. Anayejifunza kuhesabu amhesabie magunzi. Anayejifunza sehemu za mwili amwoneshe pua, bega na kiwiko. Anayefundisha mwingine hushika somo zaidi.

USALAMA KWANZA

Mama anapoinama juu ya daftari macho yake yamehama. Kwa hiyo mahali pa kusomea pakaguliwe kabla ya kuanza.

Jiko la mkaa na chai ya moto visiwe chumba kimoja na watoto wanaosoma, na hasa katika baridi hii tusiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua kimya kimya. Ndoo na mabeseni yafunikwe au yamwagwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha viganja vichache tu. Kama anachezea maji kwa kata na kikombe, mtu mzima awe ameketi papo hapo, daftari limewekwa kando.

Karanga, maharage, punje za mahindi, sarafu na betri ndogo za saa viondolewe sakafuni. Huingia puani au kooni kwa nukta moja, na betri ikimezwa huunguza tumbo na koo. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Katika mkoa wetu wa mahindi, tuongeze jambo hili. Dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi iwekwe juu, ikiwa imefungwa, na kopo lake tupu lisigeuzwe kuwa chombo cha kuchezea au cha maji. Mahindi yaliyokwisha kutiwa dawa, mtoto asiyachezee kabisa. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, maana yakipanda huingia mapafuni. Kimbilieni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

MAJIRANI TUSAIDIANE

Kuna mama ambaye hana mtoto mkubwa wa kumpa zamu, wala mume aliye karibu, na jioni yake ni ya biashara ndogo. Huyu tukimwambia habari za kapu na ratiba tunamwongezea mzigo tu. Kwake yeye dawa ni jirani.

Akina mama watatu wa mtaa mmoja, au wa jumuiya moja ya kanisa, wanaweza kukubaliana. Jumamosi saa tatu hadi saa tano asubuhi, mmoja anatandika mkeka wake na kukaa na wadogo wote. Wa pili anakaa na wanafunzi nyumbani kwake. Wa tatu anakwenda sokoni kwa niaba ya wote. Juma linalofuata wanabadilishana. Hakuna fedha inayotolewa. Anayekaa na wanafunzi si lazima awe amesoma sana; kazi yake ni kuhakikisha kila mtoto amefungua daftari, kumsikiliza asomaye, na kuweka alama mahali pa kumwuliza mwalimu. Na katika mpango huo, kila binti yuko kwenye mkeka wa wanafunzi. Hayuko kwenye mkeka wa wadogo.

BWANA ALIFANYAJE?

Injili ya Marko, sura ya kumi, inatupa picha inayotufaa. Bwana Yesu alikuwa katikati ya mafundisho. Ameulizwa maswali mazito juu ya ndoa, naye amekuwa akiwafafanulia wanafunzi wake. Ndipo watu wakaleta watoto wadogo. Wanafunzi wakafanya kama tufanyavyo sisi: wakataka kuwaondoa ili somo liendelee. Bwana alichukizwa, lakini si na watoto. Alichukizwa na wale waliowazuia. Akawakumbatia, akawawekea mikono, akawabariki. Kisha akaendelea na safari yake, na mara akaja mtu mwenye swali jingine, naye akamfundisha.

Tunaona kwamba mtoto mdogo hakuharibu somo la Mwalimu. Alipewa nafasi yake, na somo likaendelea.

Nasi tufanye hivyo. Juma hili tuanze na mambo matatu tu: dakika kumi za mdogo kabla ya masomo, kapu moja la vitu vyake, na karatasi ya zamu yenye majina ya wote, pamoja na la kaka na la baba. Daftari moja moja litachanwa bado. Gundi ipo. Lakini binti atakayekuwa amekaa mezani jioni nzima, mgongo wake ukiwa mwepesi, atalikumbuka jambo hilo katika maisha yake yote.